Alikuwa na Baridi Tu

Nyumba ya Wazee, Halvorsby
9 Oktoba 2019

Kwa Binti Brenna Schatz,

Hunijui. Naitwa Orrin Tveit, daktari mpasuaji mstaafu. Nina miaka themanini na saba, na moyo wangu unafanya kazi kwa robo tu ya nguvu zake. Sikuelezi haya ili unionee huruma, bali ujue kwamba nikiahidi jambo, inanibidi nilitimize upesi.

Gazeti la wilaya, lile linaloandika hata nani kamtembelea shangazi yake Jumapili, limesema umeitwa kwenye usaili wa chuo cha tiba tarehe 19 Novemba, na kwamba hii ni mara yako ya tatu kuomba. Nilikuwa kwenye kamati ya udahili ya chuo hicho kwa miaka kumi na tisa. Nadhani najua kidonda chako kiko wapi: ni alama za mtihani wa kuingia. Aliyefanya vibaya darasani haitwi tena na tena, na aliyefanya vizuri kwenye mtihani ule hahitaji kuomba mara tatu.

Kama nimekosea, itupe barua hii. Kama sijakosea, niandikie jibu utakalotoa ukiulizwa, nami nitakurudishia likiwa na wino mwekundu. Sitaki malipo. Wala hakuna haja ya kuwasumbua wazazi wako kwa habari hii.

Orrin Tveit


Shambani, Ulmental
15 Oktoba 2019

Daktari Tveit,

Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara maswali yameongezeka.

Wazazi nimeshawasumbua. Niliisoma mezani tukinywa supu ya viazi. Baba akasema, "Mtu akikuletea nyasi kavu mwezi wa Machi, ghala likiwa tupu, kahesabu ng'ombe wako." Mama akamwambia, "Duane, acha hizo. Labda ni mzee mpweke tu." Baba akajibu, "Mpweke ndiye mwenye nafasi ya kupanga."

Basi nakuuliza waziwazi: unataka nini? Kila mwaka vijana wa wilaya hii wanaitwa kwenye usaili. Yule wa Halvorsby, anayeishi hatua mia mbili kutoka kwako, hujamwandikia. Nimemuuliza.

Lakini mfa maji haachi kutapatapa, nami sina fahari iliyobaki. Mara ya kwanza nilipata 493, mara ya pili 499, na hizo za pili ndizo nilizoombea tena. Wanaokubaliwa wengi wana mia tano na nane kwenda juu. Safari hii wakinikataa sitaomba tena. Kuna kazi ya ofisini kwenye ghala la nafaka inanisubiri mpaka Januari, na meneja ameshachoka kungoja.

Jibu langu ni hili: "Wiki ya mtihani wa pili bibi yangu alifariki, nami ndiye niliyekuwa nikimuuguza. Akili yangu haikuwa pale. Alama zile hazioneshi uwezo wangu."

Lete wino wako mwekundu.

Brenna Schatz


Nyumba ya Wazee, Halvorsby
20 Oktoba 2019

Binti Brenna,

Bibi yako alizikwa tarehe ngapi, na mtihani ulikuwa tarehe ngapi? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Msaili mzuri atakuuliza hivyohivyo, kwa upole, huku akikusogezea glasi ya maji.

Jibu la alama mbovu lina mambo matatu. Taja alama bila kuipaka rangi. Sema kosa lako lilikuwa lipi, lako wewe, si la hali ya hewa wala la marehemu. Eleza ulichobadilisha tangu hapo. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu msaili atakaa kimya akikutazama, nawe utatamani kuujaza ule ukimya. Waliozama niliowaona walizama hapo.

Jihadhari na hadithi. Usimwambie mtu yeyote kilichotokea siku ya mtihani, hata kama ni kweli tupu. Hadithi ya kweli na ya uongo zikivaa suti na kuketi kwenye kile kiti, hufanana kama mapacha.

Tena, chuo kile kina desturi moja: huenda msaili wako hatakuwa ameoneshwa faili lako. Atajua jina lako tu. Ikiwa ndivyo, alama usizitaje kabisa. Ukimya huo hautakuwa uongo.

Njoo Halvorsby siku moja kabla, Novemba haitabiriki. Baba yako bado anaweka lile kopo la kahawa garini, la mshumaa na kiberiti? Hakikisha unalo.

O. Tveit


Shambani, Ulmental
28 Oktoba 2019

Daktari Tveit,

Bibi alizikwa siku ishirini na tatu kabla ya mtihani. Umenikamata. Kweli yenyewe ni kwamba nilijiona hodari. Darasani nilikuwa wa kwanza, nikadhani mtihani utanibeba kama darasa lilivyonibeba. Mitihani ya mazoezi nilifanya miwili tu, na hata mmoja sikuumaliza. Sikuwahi kumwambia mtu hili. Nashangaa nimekuambia wewe ambaye sikuamini.

Sasa zamu yangu na wino mwekundu.

Umeandika "bado", tena "lile kopo". Huku kwetu kila gari lina kopo wakati wa baridi, la kujipasha moto ukikwama, najua. Lakini hakuna anayeulizia kopo la mtu mmoja kama anayeulizia hali ya mtoto wake. Na kwa nini hadithi zinakutisha hivyo? Daktari mzima, mpasuaji, unaogopa nini?

Nilimsomea Baba. Aliposikia habari ya kopo alicheka, kisha akaacha kucheka. Akainuka akaenda kulisha ndama waliokwisha kulishwa. Aliporudi alinieleza jambo ambalo miaka ishirini na mitano sikuwahi kulisikia. Nilijua kwamba zamani aliomba chuo cha tiba na hakupata. Sikujua kwamba asubuhi ya mtihani, Aprili 1984, alimkuta mtu kwenye mtaro, kwenye theluji, akachelewa. Sikujua kwamba alimweleza msaili. Anasema msaili alikuwa mtu mrefu aliyekuwa akifungua na kufunga mkanda wa saa yake. Jina halikumbuki. Baada ya wiki mbili alipata barua ya mistari mitatu. Tangu hapo analima, na kwa miaka thelathini anaendesha gari la wagonjwa la kijiji, bila mshahara.

Mwaka ule ulikuwa kwenye kamati? Ulikuwa wewe?

Kama ulikuwa wewe, unatafuta nini kwetu? Msamaha wa bei rahisi, au unapima tunajua kiasi gani kabla hujafa?

Brenna Schatz


Nyumba ya Wazee, Halvorsby
3 Novemba 2019

Kwa Brenna, na kwa Duane Schatz,

Nilikuwa mimi. Nami ndiye niliyekuwa mtaroni.

Ngoja niyaandike kwa mpangilio, kwa sababu nikianza kutafuta maneno mazuri nitadanganya.

Jumamosi ile ya Aprili 1984 nilikuwa daktari wa zamu. Tangu Ijumaa jioni nilikuwa nimekunywa. Alfajiri hospitali ikanipigia simu pale nilipokuwa, nikaingia garini badala ya kusema siwezi. Theluji ilikuwa inavuka barabara kama moshi. Karibu na kona ya kwenda Ulmental gari likaacha barabara. Mwenzangu mmoja alimpasua mgonjwa wangu kwa niaba yangu, akapona. Mimi nilisema ni theluji.

Kijana mwenye pikapu alisimama. Alinivuta kupitia dirishani, akaniingiza kwenye gari lake, akawasha mshumaa ndani ya kopo la kahawa na kuniwekea mikononi. Hakuniuliza jina. Mnajua adabu ya huku: mtu aliyekwama haulizwi jina wala alikotoka. Alikaa nami zaidi ya saa moja, akitoka nje na kurudi, akitoka na kurudi, mpaka gari la kusukuma theluji lilipofika na kunichukua. Nilikwenda na kopo. Ubavuni lilikuwa limeandikwa SCHATZ kwa rangi nyekundu ya kucha.

Desemba nilikabidhiwa karatasi yenye majina ya vijana wa kusaili. Majina tu, bila alama. La tatu lilikuwa Schatz. Ningeweza kumwambia mwenyekiti simsaili huyu. Nilitaka kujua kama ananijua.

Duane, uliketi na kusema, "Daktari, hujaona alama zangu, lakini kamati itaziona. Sehemu ya kwanza nilifanya vibaya. Nikinyamaza nitakuwa nimekudanganya." Ukaeleza habari ya mtu wa mtaroni. Nikakuuliza, "Mtu huyo alikuwa katika hali gani?" Nilikuwa nimefungua mkanda wa saa, ndiyo. Ulinitazama, kisha ukasema, "Baridi. Alikuwa na baridi tu."

Nilisikia tishio. Nilisema moyoni: huyu anajua, na ameificha harufu ya pombe kama karata ya mwisho. Akiingia chuoni nitamwona kila siku kwenye ukumbi wa mihadhara, akinitazama hivyohivyo. Nikaandika kwenye fomu, na maneno yake nayajua kwa moyo: "Msailiwa hubuni visa ili kufunika udhaifu. Uaminifu wake una shaka. Asipokewe." Nilipofika nyumbani nililitazama lile kopo kwenye rafu ya gereji. Sikulitupa. Sijui kwa nini, wala sitajifanya najua.

Miaka mitatu baadaye niliacha kunywa. Kamati sikuiacha. Niliendelea kuwapima wengine uaminifu miaka mingi.

Sina sababu ya kujitetea. Brenna, nilikufundisha jambo la kwanza, la pili na la tatu. La tatu sina: sikubadilisha chochote kilichomfaa baba yako.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kopo lenu. Ndani ya kopo kuna bahasha iliyofungwa, imeandikiwa kamati ya udahili. Humo nimekiri yote kwa jina langu. Ipelekeni, au msiipeleke. Huenda ikakusaidia, Brenna, huenda ikakuharibia. Pale wamekiita chumba kimoja kwa jina langu, na watu hawapendi kubadilisha vibao.

Orrin Tveit


Ulmental
10 Novemba 2019

Tveit,

Mimi si mwandishi.

Kopo limefika. Ile rangi ya kucha ni ya mama yangu.

Brenna anasema bahasha yako ni mtego. Kwamba wakati unakufa unataka yeye ndiye aamue habari zako, ili jambo likiharibika lawama iwe yake. Sijui. Bahasha iko juu ya jokofu.

Sikukujua. Uso wako ulikuwa damu na barafu, na kofia ya manyoya mpaka kwenye nyusi. Kwenye usaili niliona daktari mwenye suti. Nilisema "baridi" kwa sababu mtu aliyelewa mtaroni ni baba wa mtu, na Halvorsby ni mji mdogo. Ningemjibu hivyo mtu yeyote. Miaka thelathini na mitano umeogopa kitu ambacho hakikuwepo. Nililikosa koti jeupe la udaktari kwa ajili ya hicho. Nimeendesha gari la wagonjwa nikiwakabidhi watu mlangoni, kisha mlango unafungwa mimi nikiwa nje. Usifikiri nimefurahi kujua sababu.

Lakini kuna jambo moja hukuandika, na mimi sikumwambia mtu yeyote, hata wewe siku ile. Unasema nilikuwa nikitoka na kurudi. Hujui nilikuwa natoka kufanya nini? Ulikuwa unalia na kuita "Solveig". "Solveig yuko kwenye baridi. Mtoeni Solveig." Nikadhani una mtoto, ametupwa nje ya gari. Nilichimba theluji kuzunguka gari lote kwa mikono, kwa sababu glavu zililowa zikawa mawe. Sikumwona. Ndiyo maana kwenye mtihani penseli haikukaa vidoleni.

Mwezi wa Mei theluji ilipoyeyuka nilirudi pale, nikatembea mtaro wote. Mpaka leo nikipita kona ile napunguza mwendo.

Solveig ni nani? Nataka jibu la hilo tu.

Duane Schatz


Halvorsby
13 Novemba 2019

Duane,

Mkono umekataa. Anayeandika ni Verlene, muuguzi wangu. Nimemwomba asirekebishe neno.

Solveig alikuwa mke wangu. Alifariki Februari mwaka ule. Wewe ni mtu wa huku, unajua: ardhi ilikuwa jiwe kwa barafu, na kaburi halichimbiki mpaka ilainike. Asubuhi ile alikuwa bado kwenye nyumba ya mawe pale makaburini, pamoja na wengine waliokuwa wakingoja Mei. Usiku kucha nilikuwa kwa mlinzi wa makaburi, karibu naye. Huko ndiko hospitali ilikonipata.

Sikuliandika kwa sababu ni udhuru, na nilimkataza binti yako udhuru.

Sikujua ulikuwa unachimba. Nilidhani unatoka kutazama kama gari la theluji linakuja.

Hapakuwa na mtoto, Duane. Hukumwacha mtu pale. Kila aliyekuwemo ulimtoa.

O.T.

(Mimi Verlene naongeza: amesema nisiandike kwamba alilia. Nimeandika.)


Shambani, Ulmental
20 Desemba 2019

Daktari Tveit,

Verlene ameniambia kwenye simu kwamba bado unasomewa barua asubuhi baada ya dawa. Basi nitakuwa mfupi.

Nilikwenda kwenye usaili na bahasha yako mkobani. Nakiri. Nilisema nikiona nazama, nitaitoa: hiki hapa chuo chenu, hiki mlichomfanyia baba yangu. Nilikuwa hata nimechagua sauti ya kuitolea.

Msaili alikuwa mama mmoja mfupi, daktari wa watoto, mwenye kikombe kilichopasuka mpini. Akasema, "Sijaona faili lako. Najua jina lako tu." Nikakumbuka ushauri wako wa kunyamaza. Kisha nikamkumbuka Baba.

Nikamwambia, "Hujaona, lakini kamati itaona. Nina 499. Nilijiona hodari, sikujiandaa. Tangu Juni nafanya mtihani wa mazoezi kila Jumamosi, mpaka mwisho, na makosa nayaandika kwenye daftari. Mitihani mitatu ya mwisho nimepita mia tano na kumi." Nikanyamaza.

Akanyamaza pia. Daktari, ulisema kweli, ukimya ule una meno. Mkono wangu ulikuwa juu ya mkoba. Kisha akauliza, taratibu, akinisogezea maji, maji kabisa kama ulivyosema: "Siku ya mtihani hakuna lililotokea? Msiba? Barabara mbaya?"

Nikasema, "Hapana. Kulikuwa na jua."

Akacheka kidogo, akaandika kitu. Sikuona alichoandika. Kwa mwezi mzima nimekishuku kile alichoandika, nimemshuku yeye, nimekushuku wewe, nikafikiri labda umeshapiga simu kwa mtu. Verlene ameapa kwamba hujagusa simu tangu Oktoba. Nimeamua kumwamini Verlene.

Jumatatu walipiga. Nimepokewa. Naanza Agosti.

Baba alikuwa chini ya gari la wagonjwa akibadilisha oili. Nilipomwambia, alibaki hukohuko chini, viatu tu vikionekana, akasema, "Nipe spana." Nikampa. Lakini mkono wake haukushika spana, ulinishika mimi.

Jana alipita kwenye ile kona. Mama alikuwa naye. Anasema hakupunguza mwendo.

Kifurushi unachopokea kina kopo. Baba ameweka mshumaa mpya na kiberiti kipya, na kwenye jina amepitisha rangi nyingine, ya kwangu safari hii, ndiyo maana inang'aa vibaya. Anasema ukae nalo, majira ya baridi bado yapo. Bahasha yako pia imo, haijafunguliwa. Karatasi kavu huwashia mshumaa vizuri.

Nilimuuliza mara ya mwisho kabla sijafunga kifurushi. "Baba, una hakika? Hutaki wajue kule chuoni?"

Alikuwa anafunga kamba. Akasema, "Wajue nini? Mtu alikuwa na baridi tu."

Brenna